Kwa Nini Nilichagua Pikipiki

Kashebere,
tarehe 28 Mei 2022.

Mpendwa dada Claudette,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji, pamoja na watoto wenu ambao hadi leo nawajua kwa picha tu. Habari ya Kisangani? Joto bado linakunyima usingizi? Shemeji amepona kifua? Na yule mdogo, ameshaota meno? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu barua hii ikishaondoka sitapata nafasi ya kukumbuka nilichosahau.

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Bibi yetu, Koko Libérata, anakula vizuri, ila goti lake linamsumbua kila mvua inapokaribia, na mwezi huu mvua imekaribia kila siku. Bado anaamka kabla ya majogoo na bado anagombana na mbuzi wa jirani kama anagombana na watu. Amenituma nikuulize kama ungali unacheka mpaka machozi yanatoka. Nilimwambia hilo siwezi kulijua kwenye simu.

Shule inaendelea. Mwaka ujao nitakuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Mungu akipenda. Mwalimu wetu wa Kifaransa ananiazima vitabu vyake kimoja kimoja, na saa ya mapumziko nakaa chini ya ukuta wa darasa nasoma. Kamusi ya marehemu baba bado ninayo, ingawa panya wamekula kurasa za mwanzo na siku hizi inaanzia kwenye herufi D.

Dada, ninakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unajua nilivyo. Kwenye simu maneno yangu yanakimbia. Tena pale kilimani kwenye rezo, mahali pekee simu inaposhika mtandao, watu husimama wengi, kila mmoja ameinua simu yake juu, na unachosema wewe wanakijua wote kabla hujateremka. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Jambo lenyewe ni la tombola. Najua ulishalisikia kidogo, lakini hukulisikia lote.

Baada ya Pasaka paruwasi yetu iliuza tikiti za tombola ili kupata mabati ya kanisa. Mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa hapa, anayekaa Goma, alitoa pikipiki nyekundu. Iliwekwa mbele ya kanisa, imefungwa utepe na maua, na kila Dominika wasichana walipanga foleni kupigwa picha nayo. Kamati ikatangaza kwamba atakayeshinda atachagua mwenyewe: pikipiki, au pesa ya thamani yake ndani ya bahasha, kwa sababu si kila mtu anaweza kuilisha pikipiki mafuta. Akitaka pesa, mfanyabiashara atairudisha pikipiki yake Goma.

Mimi sikununua tikiti. Katekista Nestor alinipa moja kama shukrani, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika namba kwenye tikiti zote kwa mkono wangu. Alisema mwandiko wangu ni wa kitabuni. Niliitia kwenye kamusi nikaisahau, mpaka Koko aliponikumbusha niende nayo kwenye Misa.

Siku ya kuvuta, mtoto mdogo wa shule alitia mkono ndani ya beseni. Nestor akaisoma namba. Nilijua ni yangu kabla sijaitazama, na miguu yangu ikakataa kuinuka. Nestor akasoma tena. Watu wakageuza vichwa huku na huku. Nikaikalia ile tikiti, dada, nakwambia ukweli, niliikalia.

Nestor akauliza, "Mwenyewe hayuko? Basi tuvute ingine!"

Hapo Koko akagonga benchi kwa fimbo yake. "Ngoja kwanza, Nestor! Mwenyewe iko hapa, haya imemukamata miguu! Béné, simama, ao niitike miye?"

Kanisa lote lilicheka. Padri mwenyewe alicheka. Nilisimama, na kitu cha kwanza nilichokisikia nyuma yangu ni sauti ya kijana akisema, "Mwenye kuandika amejiandikia!" Hakuna aliyeamini hivyo, nafikiri, lakini maneno hayo yalinifuata shuleni wiki nzima.

Padri alinipa muda wa Dominika mbili ili nifikiri. Mimi sikuhitaji hata siku moja. Siku zote ulikuwa unaniambia, "Siku ukipata nauli, njoo umalize masomo huku kwangu." Neno hilo nimelishika tangu ulipoolewa. Usiku ule nilijiona tayari nimekaa kwenye kitanda cha watoto wako, nawasomea. Asubuhi nilipanda kilimani, nikakupigia, hukuitika, nikakuachia ujumbe. Nafikiri unaukumbuka. Nilisema, "Dada, nimepata nauli. Nije?"

Kisha nikangoja.

Wakati nikingoja, nyumba yetu ikawa na wageni wengi kuliko siku ya matanga ya baba. Gentille, ambaye tangu mwaka wa kwanza hajawahi kuniachia nafasi kwenye benchi lake, alinivuta mkono darasani akaniita mpenzi. Aliniuliza nasoma nini. Nikafurahi, nikaanza kumweleza, naye akasema, "Ukichukua piki utanipeleka soko ya Alhamisi, siyo?"

Twizeyimana, yule motari wa kubeba abiria kwa pikipiki, anayeimba pia sauti ya tatu kwenye kwaya, alikuja amevaa shati ya Misa siku ya kazi. Alimwamkia Koko kwa mikono miwili. "Dada Béné, mimi nitaendesha, weye utakaa tu na vitabu vyako. Kila jioni versement, pesa ya siku nzima, mkononi. Hautagusa hata tope!" Koko akamuuliza ile piki aliyokuwa akiendesha mwaka jana iliishia wapi. Akasema iliishia mtoni, lakini siyo kosa lake, ni kosa la daraja.

Na baba mdogo Mbonigaba alishuka kutoka Masisi kwa miguu, kuku mkononi. Alikaa siku tatu. Shauri lake lilikuwa pesa, na kwa pesa ng'ombe. "Ng'ombe inazaa," alisema, "piki haizai. Tena mutoto mwanamuke na piki, wapi na wapi?" Koko alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua hata macho. "Na mashauri yako, Mbonigaba, tangu uanze kuyatoa, yamezaa nini?" Baba mdogo alicheka, na kuku wake tulimla jioni ile ile.

Kila mtu alijifanya anajua ninachotaka. Hakuna aliyeniuliza. Walipojaa ndani, mimi nilikwenda kukaa nyuma ya jiko na kamusi, nikitazama njia ya kilimani, nikijiuliza kama jibu lako limefika juu kule na mimi niko huku chini.

Koko peke yake hakusema neno juu ya pesa wala piki. Alisema kitu kimoja tu, akigeuza ugali: "Ukienda, uniachie ile kamusi ya baba yako. Nitakuwa ninaiangalia." Dada, wewe unajua Koko hajui kusoma.

Sasa nikueleze habari ya Papa Albert, kwa sababu bila yeye hutaelewa nilichofanya.

Unakumbuka desturi ya tipoyi, machela yetu ya miti na kamba. Mgonjwa wa mlimani hubebwa begani mpaka barabarani, na kila nyumba hutoa bega moja. Ulipoondoka baba alikuwa hai, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na bega. Tangu alipofariki hatuna. Mimi hutembea mbele na bidoni ya maji na blanketi, basi. Mwaka jana Koko aliposhikwa na kifua walimbeba kama wanavyombeba mtu yeyote, hakuna aliyenung'unika. Lakini wanapokaa kubadilisha kamba na miti ya tipoyi, nyumba yetu haiitwi. Si kwa ubaya. Wanaita mabega. Wewe hujawahi kupita mahali watu wamekaa kwa kazi ya wote, wakakusalimu vizuri, wakangoja upite.

Papa Albert ndiye mkubwa wa wabebaji. Wiki ya pili ya kungoja kwangu, mti alioukata ulimwangukia mguuni. Wakamlaza kwenye tipoyi yake mwenyewe. Tangu zamani amekuwa akiwagombeza vijana kwamba hawajui kwenda hatua moja, na sasa amelala juu, mguu umefungwa vijiti, na bado anawagombeza. "Nsengimana, bega chini! Miye siyo gunia ya mihogo!" Nsengimana akamjibu, "Gunia ya mihogo hainaga mudomo, papa." Walicheka wakiwa wanatoa jasho. Mimi nilikuwa mbele na bidoni yangu.

Tulipofika barabarani tulitafuta pikipiki ya kumfikisha kwenye kituo cha afya. Ya kwanza ilipita imejaa bidoni za mawese. Ya pili, mwenyewe alikuwa amelewa, Papa Albert akakataa yeye mwenyewe. Ya tatu ilisimama, motari akatazama mguu, akasema damu itaharibu kiti chake, akaenda. Wabebaji wakakaa kidogo kando ya barabara, wakatazamana, kisha wakainama tena wakaweka miti mabegani. Ilibaki safari ndefu kuliko ile ya kushuka mlima.

Tulipita mbele ya kanisa. Papa Albert, uso umebadilika rangi kwa maumivu, aliiona pikipiki na maua yake. Akanitafuta kwa macho.

"Béné," akasema, "ile piki yako inafanya nini pale? Inasali?"

Wote walicheka, na mimi nilicheka. Nilipoacha kucheka, swali lilikuwa bado lipo.

Mguu wake umewekwa sawa, wanasema atatembea. Lakini siku ile, nikirudi peke yangu na bidoni tupu, nilipitia kilimani. Simu ikalia. Lilikuwa jibu lako, ujumbe wa sauti.

Dada, nitaandika ulivyosema, si kwa kukulaumu, ila nataka ujue nilisikia nini. Ulisema, "Béné, Mungu ni mukubwa! Chukua pesa, usidanganyike na piki. Tuma kwa simu leo leo, shemeji yako anajua pa kuiweka. Weye utakuja kisha, tutaona." Nyuma ya sauti yako nilisikia watoto wanacheka na mfuniko wa sufuria ukaanguka. Nikasikiliza tena. Nilikuwa natafuta kama baada ya "tutaona" uliongeza kitu. Nilisikiliza mpaka simu ikazima.

Najua chumba chenu ni kimoja. Najua kazi ya shemeji ilisimama, na kwamba mtu mwenye watoto hupiga hesabu ambazo mimi sizijui. Sikukasirika. Lakini mimi nilikuwa nimeuliza kama nije, na wewe ulijibu juu ya pesa.

Koko aliniuliza umesema nini. Nikamwambia umemsalimu sana. Alinitazama kidogo, akaniongezea maharagwe.

Dominika iliyofuata Padri aliniita mbele. Bahasha ilikuwa mezani na ufunguo ulikuwa kando yake. Nilikuwa nimejifunza sentensi nzuri ya kusema, ya shukrani, yenye mwanzo na mwisho, nikaisahau yote. Nikasema, "Nachukua pikipiki." Ilibidi niseme mara ya pili kwa sababu ya kwanza hawakusikia.

Vijana walipiga kelele. Baba mdogo, aliyekuwa amerudi kwa ajili ya siku hiyo tu, alijipiga paja akatoka nje. Gentille alimwambia mwenzake, kwa sauti ambayo alijua itanifikia, kwamba vitabu vimenila kichwa. Nestor alinipa ufunguo, ukaniponyoka, Koko akauokota kwa ncha ya fimbo.

Twizeyimana ndiye anayeiendesha. Nilimpa sharti moja mbele ya Koko: siku yoyote mgonjwa anapoteremshwa na tipoyi, pikipiki iwe imeshafika barabarani inamngoja, na halipi.

"Hata nikiwa na kliya?" akauliza, maana ndivyo motari wanavyomwita abiria.

"Hata ukiwa naye."

"Na akiwa Padri?"

"Padri atashuka."

Akashika kiuno, akamtazama Koko. "Mama, huyu mutoto muliniambia ni wa haya."

Wiki hii walikaa kubadilisha kamba ya tipoyi. Papa Albert alituma mtu nyumbani kwetu. Akasema, nyumba ya Libérata ije. Nikaenda. Sikujua nikae wapi, nikakaa pembeni, na hakuna aliyenisemesha sana kwa sababu wanajua nilivyo. Lakini Nsengimana alinipa ncha ya kamba niishike wakati yeye anavuta upande wa pili. Nikaishika mpaka kazi ikaisha. Nilipofungua mikono ilikuwa na alama nyekundu, na sikutaka zifutike.

Wageni hawaji tena. Gentille amerudi kwenye benchi lake na mimi kwenye ukuta wangu. Jioni nyumba inakuwa kimya kama ulivyoiacha, labda kuliko hapo. Ila sasa jua likiegemea tunasikia ile injini kutoka kwenye daraja, na Koko anasema, "Bega yetu njo hiyo inarudi," halafu anarudi kumenya mihogo yake, na mimi naendelea kusoma.

Umeniuliza katika ujumbe wako wa mwisho kwa nini nilifanya vile, na kama nilishauriwa na watu wenye wivu na wewe. Hapana, dada. Goti la Koko ni sababu moja, na swali la Papa Albert ni sababu ya pili. Sababu ya tatu sikumwambia mtu. Pesa inatumwa kwa simu. Ningebonyeza pale kilimani, ingefika kwako kabla sijateremka, na mimi ningebaki juu kule na simu mkononi. Nilitaka kitu ambacho hakiwezi kufika kwako bila mimi.

Kwa hiyo nakuuliza tena, na safari hii kwa maandishi. Likizo kubwa inaanza Julai. Twizeyimana amekubali kunifikisha Walikale, na kutoka hapo malori yanakwenda Kisangani njia ikikauka. Papa Albert amesema niende bila wasiwasi, nyumba yenye bega mzee wake hakosi wa kumtazama. Koko mwenyewe ameshaanza kuchambua maharagwe ya kukuletea, yale ya Masisi unayoyapenda. Nitakuja na maharagwe hayo, nguo mbili na kamusi. Versement ya siku zile nitamwachia Koko. Pesa sitakuwa nayo.

Nitalala chini, sina shida. Watoto nitawafundisha kusoma, wakitaka. Mwisho wa likizo nitarudi.

Dada, tulipotoka Masisi ukikimbia nami mgongoni, mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka kitenge kile kilinuka moshi, na nakumbuka ulikuwa unaniambia "tunafika, tunafika," na bado tulikuwa mbali. Sasa natembea mwenyewe. Sihitaji kubebwa. Nataka tu, lori likisimama, niteremke nione mtu ninayemjua.

Kama haiwezekani, niandikie kwamba haiwezekani. Nitaelewa. Neno ambalo siwezi kulielewa ni "tutaona."

Nisalimie shemeji, umwambie sijamsahau, na ninamwombea kazi. Wabusu watoto wote. Mama Annonciata mliyehama naye, kama bado mko jirani, mpe salamu za Koko. Baba mdogo Mbonigaba anakusalimu pia; bado amenuna, lakini alipanda ile piki hadi njia panda ya Masisi na nilimwona anatabasamu. Papa Albert anakusalimu akiwa kitandani, anatoa amri.

Koko anasema Mungu akufunike kama kuku anavyofunika vifaranga wakati wa mvua, na akupe usingizi. Mimi nasema amina, na naongeza afya.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kama siku ile ya kitenge,

Bénédicte

N.B. Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa lori, Papa Igiraneza. Atakaa Kisangani siku chache akipakia mizigo, halafu anarudi huku. Nimemwomba apite kwako kabla ya kuondoka. Amesema hata karatasi yenye neno moja ataibeba.